Nishani kwenye Koti la Wanyonyi

"Mama, enda na koti, lakini hiyo kitu uiache nyumbani," Nasike alimsihi mama yake. "Si mwenyekiti alisema? Ukiingia nayo uwanjani leo, jioni kibanda hakuna."

"Alisema, nikasikia. Masikio ninayo." Mama Namalwa alisukuma pini kwenye kitambaa kizito, akaivuta nishani ikae sawa. "Ndiyo maana nimetoa mabati mapema. Wakuje wang'oe miti."

Nasike alichungulia nje. Kweli, mabati ya kibanda chao cha maharagwe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake, na hapa Eldoret ukishapoteza nafasi yako sokoni, usahau kupata nyingine. Akaketi kitandani, akashika kichwa.

Nishani yenyewe ilikuwa ya fedha, na utepe wa manjano wenye mistari ya kijani. Kichwa cha Malkia wa Uingereza kiliwatazama watu. Simba aliyechorwa upande wa pili alilalia koti. Juu ya utepe palikuwa na kijichuma kilichoandikwa KENYA. Mkoloni aliwapa nishani hiyo askari wake waliopigana na Mau Mau.

Nalo koti lilikuwa la marehemu Wanyonyi, mume wa Mama Namalwa. Kwao Bungoma, mwanamke akifiwa huvaa koti la mumewe siku ya matanga, kila mtu aone ni nani aliyeondoka. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Watu waliona koti, wakaona nishani, basi. Kwamba Wanyonyi alikufa wakati wa hali ya hatari, hilo lilijulikana zamani. Sasa ikajulikana pia alikuwa upande gani.

Kwa miaka mingi koti lilikaa sandukuni. Alilitoa mwaka uliopita, sikukuu ya kwanza ya mwenyekiti mpya wa chama. Na leo, Siku ya Kenyatta, Oktoba 1983, amelitoa tena.

Barabarani alikutana na vijana wa chama, mashati mekundu, rungu mkononi.

"Nyanya, tusalimie Malkia!"

"Paza sauti, mjukuu wangu. Yuko mbali, hatakusikia," alijibu, bila kupunguza mwendo.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ua. Jukwaani, mwenyekiti Nicholas Murunga alikuwa amefika pale ambapo hotuba yake ilipendwa na wote: jinsi alivyowapelekea wapiganaji wa msituni risasi ndani ya magunia ya mahindi, akipita katikati ya wazungu huku anapiga mluzi. Hata mluzi wenyewe aliupiga. Ndipo akamwona Mama Namalwa akikatiza nyasi, polepole, anakuja mbele.

Mluzi ukaisha.

"Wewe mama! Tulikuonya!" Kipaza sauti kilikwaruza. "Leo ni siku ya mashujaa. Hatutaki simba wa Mwingereza hapa!"

"Simba gani?" mtu mmoja alimwuliza jirani yake. "Mimi naona mwanamke na taji."

"Nyamaza wewe, utatuponza."

Vijana wawili walimkamata Mama Namalwa mikono.

"Mniachie, sitoroki," alisema. Kisha akapaza sauti: "Kitendawili!"

Mazoea ni kitu kibaya. Nusu ya uwanja iliitika, "Tega!"

"Kilipotupwa hakikulia. Kilipookotwa kikaanza kulia."

Watu wakanong'onezana. Huyu akasema mtoto, yule akasema redio. Sauti moja ikatoka nyuma: "Tumeshindwa, mama! Chukua mji!"

"Mji gani?"

"Chukua Turbo!"

Uwanja ukacheka.

"Turbo sitaki," Mama Namalwa alisema. "Turbo ndiko nilikozika."

Kicheko kikakatika. Murunga alijifuta uso kwa leso. "Mleteni hapa juu," aliamuru. "Aivue mwenyewe, mbele ya wananchi. Iwe funzo."

Mama Namalwa akapanda ngazi za mbao, mkono mmoja ukiwa gotini. D.C., mkuu wa wilaya aliyekuwa mgeni wa heshima, alivuta miguu ili apite. Alikuwa mtu mpole, akainama kidogo.

"Mzee wako alikuwa jeshi gani, mama?"

"Mzee wangu alikuwa mpishi, Bwana D.C. Alipikia mzungu, huko Turbo. Siku ya msako wa askari wa mkoloni aliwaficha Wakikuyu aliofanya kazi nao ndani ya ghala la mahindi, akasimama mlangoni, akakataa kutoka."

Akafungua pini. Pale nishani ilipokuwa, upande wa moyo, koti lilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kingo zake zilikuwa zimeungua.

 Murunga alirudi nyuma mpaka kiti kikamzuia. Mama Namalwa akamfuata, akashika kola ya suti yake vile mama anavyomshika mtoto anayekwenda shule, akachoma pini, akaivuta nishani ikae sawa.

"Ulipoitupa mtoni Sosiani mwaka wa Uhuru, nilikuwa chini ya daraja nachota maji," alisema, na kipaza sauti kikachukua kila neno. "Shika, Koplo. Tundu nabaki nalo mimi. Hii ni yako."