Mama wa Mlimani na Mpango wa Maji

Meneja wa shirika la maji alikuwa ameshafungua kalamu atie saini mpango wa miaka ishirini, mlango wa ukumbi uliposukumwa. Akaingia mama mmoja asiyejulikana na mtu, anahema.

"Samahanini, wanangu. Hapa ndipo wateja wanapoulizwa maoni?"

"Wameshaulizwa, mama," alisema meneja. "Mwaliko tuliuchapisha nyuma ya bili."

"Sisi wa mlimani bomba lilikauka zamani. Bili mtuletee ya nini, ya upepo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jukwaani, kando ya meneja, afisa mipango wa shirika hakucheka. Wazo la kutumia bili lilikuwa lake, na asubuhi alikuwa amewaahidi watu kwamba mkutano haufungwi mpaka kila aliyefika aseme. Macho yake yalinasa kwenye viganja vya yule mama. Mkono wa ndoo ulikuwa umevichora mstari mwekundu, mbichi.

Meneja akamwinamia sikioni. "Wafadhili wanasubiri garini. Ukimpa huyo kipaza sauti, mkataba wako sahau. Tumeelewana?"

Mkataba wa kazi wa afisa ulikuwa unaisha mwezi ule, na mkewe alikuwa karibu kujifungua. Aliinuka, akakaa tena.

"Tumeelewana, mzee," alisema hatimaye.

Akainuka, akashuka jukwaani, akamvutia yule mama kiti cha mbele na kumshikisha kipaza sauti.

"Anzia unapopenda, mama. Hatujafunga."