Dhamana ya Uswisi

Tak.

Kitasa kililia gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, mlangoni kwa mwanawe, Tunu, kikajifunga chenyewe. Mwanahawa akaruka kutoka kitandani.

Aliyetaka kupanda treni za Ulaya aliacha dhamana: kwa kila nchi atakayopita, ndugu mmoja afungiwe ndani hadi arudi, mlango ukijifunga wenyewe mara tu jina lake linapoandikwa. Italia, Ufaransa, Ubelgiji: mama mkwe, wifi na mjomba walikuwa wameshakubali kwa hiari yao. Tunu alikuwa asafiri na wazazi wake, kiti cha dirishani.

“Baba Tunu, umefanya nini?”

Shekue, simu mkononi, akachekacheka. “Nimebadilisha treni ya kwenda Paris, mke wangu. Hii ya haraka inakatiza Uswisi. Wala hatushuki, tunapita tu!”

“Na Uswisi umemweka nani?”

Shekue akautupia jicho mlango wa Tunu.

“Nakuuliza, Shekue! Miaka miwili nimepanga safari hii stesheni kwa stesheni, nikitoka darasa la jioni macho mekundu, naikwepa Uswisi kama kaa la moto kwa kuwa hatuna ndugu wa nne wa kumweka. Leo wewe unamfungia mtoto wa miaka mitano ili uokoe saa tatu za njiani?”

“Ni wiki mbili tu. Chakula majirani watampitishia dirishani.”

“Futa!”

“Hakuna kufuta. Atatoka tukishakwenda na kurudi.”

Mwanahawa aliupiga ule mlango kwa viganja mpaka vikamwaka moto. Haukutikisika.

Ndani, nyayo ndogo zilishuka kitandani, zikasogea.

“Mama, mlango haufunguki,” alisema Tunu.