Kinga ya Kombo

Kwenye mashindano ya sataranji, mgeni aliyekaa mbele ya Mwanaidi alimtoa farasi wake aliwe bure, mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza. Mwanaidi akaitambua mbinu hiyo. Kinga ile ya hatari aliibuni mumewe, Kombo, kwenye meza yao ya jikoni. Waliijua wao wawili tu, hadi asubuhi ile watu wasiojitambulisha walipokuja kumchukua.

Akamla farasi. Mgeni akajibu papo hapo, na kete akaizungusha kidogo kabla ya kuiachia, kama alivyozoea Kombo.

"Nani alikufundisha, kaka?" Mwanaidi aliuliza.

Mgeni hakuinua macho. "Kuna bwana mmoja tulikuwa tunamlinda kizuizini. Kule siku ni ndefu, dada."

Mwanaidi alisogeza malkia wake, akabonyeza saa ya mchezo.

Safari hii mgeni hakujibu. Alinyoosha mkono juu ya ubao, ukasita.

"Alinifundisha mpaka hapa," alisema taratibu.

Saa yake ilizidi kwenda, na mkono ulibaki hewani, haujui pa kushukia.