Kidole cha Burulcha

"Nyota za Kilimia zile!" Mama mkwe wangu, Burulcha, alinyoosha kidole juu ya mlima.

Kila majira ya joto yanapoisha, hakuna anayeng'oa hema huku malishoni mlimani kushuka bondeni mpaka yeye azione. Lakini mwaka huu macho yake yameingia ukungu. Alikuwa akionyesha wingu, jeusi ti.

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Naziona, mama. Zinameremeta."

Kidole kilibaki angani, kimepinda kwa miaka ya kukamua maziwa ya farasi majike. Chembe ya theluji ikatua kwenye ncha yake. Kisha nyingine.

Akakitia mdomoni, akakinyonya taratibu.

"Muongo we, nyota hazidondoshi theluji," alisema, akinivuta ndani ya koti lake. "Kesho tunashuka. Na mwakani, mwanangu, utaangalia wewe."