Helmeti ya Marehemu

Nguo zote za marehemu kaka yake Kaluki zilikuwa zimeanikwa juu ya miiba, kando ya kisima cha mchangani. Ilibaki helmeti.

“Lete hiyo, Kaluki,” shangazi alisema, mikono imejaa povu. “Vitu vya marehemu hufuliwa vyote.”

“Hii ni ya mashindano ya pikipiki, shangazi. Imetoka ng'ambo.”

“Hata huko watu hutoka jasho. Lete.”

Kaluki aliigeuza. Sponji ya ndani ilikuwa imebonyea pale mashavu ya kaka yake yalipokaa, na bado ilinukia mafuta yake ya nywele.

Akaivaa. Ilimbana masikio. Akashusha kioo.

“Dereva, pikipiki iko wapi?” mwanamke mmoja aliyekuja kuteka maji akacheka.

Shangazi hakucheka. Aliigonga helmeti kwa kidole. “Vua, mwanangu. Maji yanapungua.”

Ndani, Kaluki alibana pumzi, akiogopa kuimaliza ile harufu.