Swali la Kapteni

"Wewe enda," askari aliniambia, akinirudishia kitambulisho. "Huyu muzee hana karatasi, yeye anabaki. Ni ndugu yako?"

Ilikuwa mwaka 1977, kwenye kizuizi cha barabara ya Kyebando. Waliobakizwa pale hawakurudi wote.

Zamani, jeshini, Kapteni Mzungu alituuliza hivyohivyo, mimi na kaka yangu Otema, kabla ya vita vya Burma. Waliokuwa ndugu aliwatenganisha, kila mmoja na kombania yake. Lakini sisi Waacholi kila mtoto ana jina lake, si la baba, basi tulikana, akaamini. Miaka minne tulikula sahani moja, na Otema alichukua nusu kubwa kila siku.

Sasa Otema, ameketi kwenye nyasi, alinitikisia kichwa polepole: kana undugu, uende.

Nilitazama miguu yake. Vidole vile vifupi vya baba yetu vilichungulia kwenye ndara, sawasawa na vyangu.

"Ndiyo, afande. Mama mmoja."

"Basi kaa na yeye."

Nikaketi, bega kwa bega, moyo umetulia kabisa.

"Mjinga wewe," Otema alisema. Akatoa hindi la kuchoma mfukoni, akalivunja, akanipa nusu kubwa.