Tiketi Mbili za Ziwa la Mizabibu

Zilibaki kilomita tatu, na Severin alikuwa anatafuta namna ya kushindwa.

Haikuwa kazi rahisi kwa mwenye miguu kama yake. Alikulia Marangu, akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi mlimani kabla hajaota ndevu, na hivi vilima vya kandokando ya Ziwa Mälaren, huku Sweden, kwake vilikuwa matuta tu. Wenzake arobaini wa klabu ya baiskeli ya Norsborg walikuwa huko nyuma, wakihangaika na mizizi ya njia ya msituni. Mita mia nyuma yake alikuja rafiki yake Ssali, Mganda, akitweta mpaka anatia huruma.

Zawadi ilikuwa moja: tiketi mbili za wiki mbili kwenye ziwa fulani la Italia, ambako mizabibu inashuka mpaka majini na watu wanatembea kwa baiskeli kijiji hadi kijiji, wakionja divai. Bango lilibandikwa klabuni tangu Aprili mwaka ule wa 1986: mwanamume, mwanamke, baiskeli mbili, zabibu tele. Severin alikwisha kuamua kwamba yule mwanamke wa bangoni ni Theresia.

Theresia alikuwa mchumba wake, muuguzi kutoka Bukoba, na ulimi anao. "Miaka miwili ya uchumba," alimwambia, "na safari ya mbali kuliko zote uliyonipeleka ni Märsta, hapo karibu na uwanja wa ndege, kumpokea rafiki yako Boniface." Severin akaapa kimoyomoyo kwamba siku ya harusi wataipanga kwenye ziwa lile.

Kisha Ssali akahamia kwake.

Alibisha hodi kwa Severin, mtaa wa Spånga, mwezi Mei, begi mkononi, baiskeli begani. "Ndugu yangu, kwangu siwezi kukaa kwa sasa," alisema. "Wewe mwenyewe unajua haya mambo."

Severin akasema anajua. Mtu mzima haulizwi amefukuzwaje na mkewe.

Wiki sita Ssali alilala kochini. Alfajiri alikuwa barabarani kwenye baiskeli, jioni barabarani tena, maana mtu asiye na kwake atakwenda wapi? Mkewe, Nakato, alifanya usafi pamoja na Severin kule uwanja wa ndege, na kila Jumatatu alimpa kapu: mashati yaliyopigwa pasi, na matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Majani ya mgomba, Stockholm! Severin hakujua aliyapata wapi. Aliona tu kwamba ndoa ile inavunjika kwa adabu kubwa, na ikamuuma.

Siku moja Ssali alipiga simu nyumbani. Sauti ya mwanamke ikaitikia, naye akakata papo hapo, kijasho kikimtoka. Masikini, Severin akawaza, hata sauti ya mkewe hataki kuisikia.

"Nikizipata zile tiketi," Ssali alimwambia siku ile, akilitazama kochi, "nitalala tena kitandani kwangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimzunguka Severin sasa, kilomita tatu kabla ya mwisho. Uchumba unaweza kungoja. Ndoa ikishapasuka, nani ataishona? Akashuka, akaupachua mnyororo kwa kidole chake mwenyewe, akachuchumaa kando ya barabara akijifanya anauhangaikia. Roho ilimuuma kweli kweli.

Ssali akafika, akafunga breki. "Ngoja nikusaidie."

"Nenda!"

"Nitakuachaje, ndugu yangu?"

"Hao wanakuja! Nenda, bwana, utalala kochini mpaka lini?"

Ssali akamtazama, machozi yakamlengalenga, akakanyaga.

Severin alipofika, wa tano, Ssali alikuwa ameshavishwa shada la maua, na Nakato amemkumbatia, analia na kucheka. Theresia alisimama pembeni, mikono kifuani.

"Huo mnyororo uliutoa mwenyewe," alisema. "Nimekuona ng'ambo ya maji, kwa darubini ya mzee mmoja hapa."

Severin akamweleza yote kwa mnong'ono: kochi, kapu, simu. Alitegemea ulimi. Badala yake Theresia akamfuta vumbi usoni kwa kanga yake.

"Basi Italia tusiione," alisema. "Panga harusi, Severin. Nimempata mtu wa kweli."

Severin akajiona ameshinda mashindano yote ya nchi ile. Akaenda kumpa Ssali mkono. Katibu wa klabu alikuwa amempa karatasi ya kujaza majina ya wasafiri. La kwanza alikwisha kuliandika: Nakato. La pili alikuwa analimalizia, kwa mwandiko wa heshima: Namubiru.

"Namubiru ni nani?" Severin aliuliza.

 Ssali aligeuza uso upande wa ziwa, kwa adabu, na kwa kidole gumba akaonyesha nyuma ya mabega yake. Kule mbali, nyuma ya kibanda cha aiskrimu, mama mmoja mnene aliyevaa gauni la gomesi la kijani alikuwa amewapa mgongo, kajifunika kichwa kwa mtandio, na Nakato anamkimbilia akiita, "Mama, umepata safari!"

"Amefika tangu Mei, na kwangu ni chumba kimoja na jiko," Ssali alinong'ona. "Mkwe atalalaje na mama mkwe chumba kimoja, na kwetu hata kutazamana ni mwiko? Simu akipokea yeye, nakata. Si nilikwambia, haya mambo unayajua. Sasa wiki mbili nzima nitalala kitandani kwangu. Wakirudi, ndugu yangu, narudi kochini."